Sinki la jikoni: bakuli moja kubwa au dabo (mabakuli mawili)? Graniti inakatwa wiki ijayo

#1 MjengoKibada
Wakuu, salaam. Kaunta ya upande wa dirisha ina urefu wa mita 3.1 na kina cha sentimita 60. Kabati la sinki lina upana wa ndani wa sentimita 86. Nyumba ya watu sita, vyombo vinaoshwa kwa mkono, maji ya mgao na tanki la lita 2,000 juu. Fundi kabati anakazania bakuli moja kubwa, 76 kwa 45, la kubandikwa chini ya graniti. Kwa maelezo yake dabo imepitwa na wakati na inaziba hovyo. Mama watoto hataki hata kusikia: anataka bakuli la povu liwe mbali na la kusuuzia. Mkata graniti naye anadai vipimo vya tundu. Nipeni sababu za kiufundi, "mimi napenda" nimeshazisikia za kutosha.

#2 Sponji_Kavu
Dabo. Uzi ufungwe.

#3 BombaNchiMbili
#2 umefunga mlango wageni bado wako nje.

Mkuu, usianze na idadi ya mabakuli, anza na chombo kikubwa kuliko vyote kitakachoingia humo. Sinki la 76 kwa 45 ndani linabaki na 71 kwa 40 hivi. Dabo ya 82 kwa 45, ambayo ndiyo kama mwisho wa kabati lako, inabaki na mabakuli mawili ya 37 kwa 40. Sasa chukua futi kamba upime sufuria ya ugali ya watu sita na wageni wawili. Ikiwa na 40 ukijumlisha masikio, kwenye dabo hailali. Inasimama ubavu, nusu ndani nusu nje, na maji ya kusuuza yanaishia tumboni kwa anayeosha. Trei ya jiko la ovena la sentimita 60 ina karibu 46 kwa 37. Kwenye dabo unaosha nusu, unaigeuza, unamalizia nusu. Kwenye bakuli moja inalala yote, unailoweka, ukoko unaachia wenyewe.

#4 Bi_Kitoweo
Ukoko unaachia, na jiko zima limesimama kuusubiri. Hapo ndipo hoja ya kaka #3 inapovuja. Bakuli moja likishakaliwa na sufuria iliyolowekwa, mchicha unaoshewa wapi? Maji ya moto ya tambi yanamwagwa wapi? Kikombe cha mgeni aliyeingia sasa hivi kinasuuzwa wapi?

Na mgao hamjaugusa. Maji ya kina cha sentimita 10 kwenye 71 kwa 40 ni lita 28. Kwenye 37 kwa 40 hayafiki 15. Kwa hiyo dabo, povu upande huu na maji safi upande ule, inakula kama lita 30 kwa jumla. Singo, yaani bakuli moja, imeshakula 28 za povu tupu na bado hujasuuza kijiko. Koki ikitoa lita sita kwa dakika, dakika tano za kusuuza ni 30 nyingine. Tanki la lita 2,000 kwa watu sita linaisha kwa mambo madogo kama haya.

#5 Kokoto_Tatu
Nani anajaza sinki jamani? Beseni la kipenyo cha 38 linaingia kwenye 71 kwa 40, pembeni panabaki zaidi ya 30 za kusuuzia. Umepata dabo yenye kigawanyo kinachotoka. Kwenye dabo halisi beseni hilo hata haliingii.

#6 Bi_Kitoweo
Beseni sawa, ila muangalie tundu la maji liko wapi kabla ya kulipia. Likiwa katikati, beseni linalikalia na maji ya kusuuza yanatuama. Litafutwe sinki lenye tundu nyuma kwenye kona. Na chini pawe na mikunjo inayopeleka maji tunduni. Yale ya pembe kali yenye chini bapa kama meza yanabakiza maji na punje za wali kona zote nne, kila siku unafuta kwa kitambaa.

#7 Mnyoosha_Bomba
Nirudi kwenye "dabo inaziba", maana hilo ndilo neno la fundi kabati na fundi kabati hafungi mabomba.

Dabo haizibi kwa sababu ni dabo. Ina matundu mawili yanayokutana kwenye tii moja (kiungo cha bomba chenye umbo la T) kabla ya trapu, ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu. Lawama nyingi ni hii: unamwaga maji upande wa kulia yanaibuka upande wa kushoto, na mabaki ya chakula juu. Sababu ya kwanza ni tii yenyewe. Tii ya sinki inatakiwa iwe na kibati ndani kinachogeuza maji yaelekee chini. Mafundi wengi wanachukua tii ya kawaida ya PVC ya inchi moja na nusu, iko wazi, maji yakija kwa kasi yanapita moja kwa moja hadi bakuli la pili. Sababu ya pili ni ule mkono wa kulala unaounganisha mabakuli. Unafungwa bapa kabisa, mara nyingine umepandia upande wa trapu. Mafuta yanaganda humo na njia inabana. Uinamie trapu, hata sentimita moja inatosha kwa urefu ule.

Makosa ya tatu: trapu mbili, kila bakuli yake, halafu zote zinaingia kwenye trapu ya tatu. Hewa inanaswa katikati, maji yanashuka kwa kusuasua, na kila mtu anasema "imeziba". Trapu ni moja kwa zote mbili, basi.

#8 Karo_la_Nje
Mkuu #7 umeeleza vizuri lakini unamtetea mtuhumiwa kupita kiasi. Maji yakipanda upande wa pili taratibu, tena bila koki kufunguliwa kwa nguvu, kasoro haipo kwenye tii. Kuziba kuko mbele ya trapu: kwenye bomba la ukutani au kwenye chemba ya maji machafu nje. Maji yanatafuta njia ya chini kuliko zote, na bakuli la pili ndilo dirisha lililo wazi. Kwenye singo kuziba kule kule kungekuwepo, ila ungeona maji yamesimama tu. Dabo inaonyesha ugonjwa, haiuleti.

Wanaouleta ni hawa: machicha ya nazi, mchanga wa dagaa, magamba, mafuta ya kukaangia, na unga wa ugali unaoganda na mafuta hayo. Mchanga hauyeyuki kwa dawa yoyote, unakaa tumboni mwa trapu hadi uifungue. Dagaa waoshwe kwenye beseni, maji yamwagwe nje, iwe singo au dabo.

#9 UpepoJuu
Wote mmeacha hewa. Bomba la mm 40 likisafiri mita nne au tano hadi chemba bila bomba la kupumulia, maji yakishuka yanavuta yale ya trapu. Unasikia gurugurugu, halafu harufu. Dabo ikitolewa vizibo vyote viwili kwa pamoja inajaza bomba lote, uvutaji unazidi. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinasema mita 3 kwa mm 40 na mita 4 kwa mm 50 kutoka trapu, mteremko kati ya mm 18 na 90 kwa kila mita, na maji ya trapu yawe na kina cha mm 75. Ukizidi hapo weka bomba la hewa. Na jikoni achaneni na trapu za chupa, zile za kung'aa. Zile ni za sinki la kunawia mikono. Chembe za chakula zinajaza kikombe chake upesi.

#10 Sponji_Kavu
Kwa hiyo dabo. Nilisema.

#11 MwanaKisauni
Hamjambo wa huko. Nyote mwasema sufuria na mabomba, samaki mmemsahau. Huku Mombasa jiko lisilo na pahali pa samaki peke yake shombo halitoki. Bakuli moja ukishaparia changu humo, saladi yataka uisafishie wapi? Hata kuku mbichi, matone ya maji yake yaruka mbali kuliko uonavyo. Shirika la viwango vya chakula la Uingereza lilianza kampeni mwaka 2014 kuwaambia watu wasimwoshe kuku mbichi kabisa, kwa sababu ya bakteria wa kampilobakta. Sisi twamwosha tu, na ndimu juu. Basi awe na bakuli lake.

Jambo la pili ni maji ya kisima. Yana chumvi, na kloridi hutoboa chuma kisichoshika kutu ikiwa ni cha bei ya chini: vidoa vya kahawia kwanza, kisha vishimo kama vya sindano. Ukitia dawa ya klorini ukaiacha usiku kucha ndio wamaliza kabisa. Dabo ina kona nyingi na mashono mengi zaidi, kwa hivyo ikiwa chuma ni hafifu itaanza kuoza pale kwenye kigawanyo.

#12 BombaNchiMbili
#11 hoja ya samaki naikubali, ila kigawanyo hakizuii matone. Ukuta wenyewe uko chini ya ukingo wa sinki, yanauruka. Kinachosaidia ni kuosha sinki kwa sabuni na maji baada ya samaki au kuku kabla ya kuweka mboga. Migahawa ya Marekani inayoosha kwa mkono inatakiwa na kanuni ya chakula ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, iwe na mabakuli matatu: kuosha, kusuuza, kuua vijidudu. Kwa mantiki ya Sponji_Kavu basi tuweke matatu nyumbani.

#13 Sponji_Kavu
Matatu na la nne la kuwekea sponji. Ila hapa nina hoja ya kweli: singo ya chini ya kaunta inavunja graniti. Tundu moja refu, jiwe la mbele linabaki wembamba, linakatika likiwa kwenye pikapu.

#14 JiweLaMbili
Nusu umesema kweli. Graniti ya mm 20, kaunta ya kina cha 60, tundu la 40: nyuma unaacha 12 za koki, mbele zinabaki 8. Kipande cha 8 kwa urefu wa 71 kinakatika kirahisi, hasa kwenye kona. Lakini dabo ya chini ya kaunta inakatiwa tundu moja vilevile, kigawanyo kinabaki kuwa chuma peke yake kwa chini. Dabo ya 82 ina tundu refu *zaidi* ya singo ya 76. Kwa hiyo udhaifu unatokana na upana wa tundu, mabakuli hayahusiki.

Dawa yake: kona zikatwe za mviringo, zisiwe za pembe kali, maana ufa unaanzia hapo. Slabu ibebwe ikiwa imesimama wima, na tundu likikatiwa kabla ya safari, kipande cha mbele kifungwe ubao wa kukishika. Au litobolewe pale pale saiti, mvumilie vumbi.

Na msilibandike kwa silikoni peke yake. Bakuli la 71 kwa 40 lenye kina cha 20 likijaa ni karibu lita 57, yaani karibu kilo 57 kabla hujaweka sufuria. Silikoni ni ya kuzuia maji. Uzito ubebwe na klipu zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, au fremu ya mbao kavu ndani ya kabati pande zote nne. Zipo singo zilizodondokea ndani ya kabati na trapu ikang'oka nazo.

#15 MjengoKibada
Asanteni sana, nasoma yote. Kwenye chuma: dukani wananionyesha "SUS304", daraja la chuma kisichoshika kutu, imechapwa juu. Nitajuaje ni kweli? Na geji, namba ya unene wa bati, ipi ni nzito, 16 au 20?

#16 Kokoto_Tatu
Beba sumaku. Isiposhika ni 304.

#17 Mnyoosha_Bomba
Sumaku inakamata chuma cha daraja la 430 tu. Chuma cha 201, chenye nikeli kidogo na manganizi nyingi badala yake, nacho hakishiki sumaku, na ndicho kinachouzwa kwa jina la 304. Na 304 halisi ikikunjwa kwenye kona inaweza kuvuta sumaku kidogo, ukaikataa bure. Kuna matone ya kupimia manganizi, yanabadilika rangi kwenye 201; baadhi ya wauza vyuma wanayo. Nembo iliyochapwa isikutishe, mashine ya kuchapa haiulizi maswali.

Geji: namba ikipanda bati linakuwa jembamba. 16 ni mm 1.5 hivi, 18 ni 1.2, 20 iko jirani na 0.9. Tahadhari na yale ya kuchomelea yenye mdomo wa mm 3: mdomo ni wa maonyesho, bakuli lenyewe unaweza kukuta ni 0.8. Bonyeza chini ya bakuli kwa kidole gumba katikati. Likibonyea na kulia "top", likigongwa na sufuria kavu litalia nyumba nzima. Hapo singo inapata tabu zaidi, chini yake ni pana na haina kigawanyo cha kuikaza. Angalia pedi za mpira zilizogandishwa kwa nyuma.

#18 DreinaKwanza
Kurasa zote hizi na hakuna aliyeuliza vyombo vilivyosuuzwa vinakaa wapi. Kwa mtu wa kuosha kwa mkono swali halisi ni dreina, lile bapa lenye mifereji. Sinki la mita 1 kwa 50, bakuli moja na dreina moja, linafanya kazi ya dabo kwa raha zaidi: unaosha, unasuuza, unapanga, maji yanarudi yenyewe. Dabo bila dreina mnaweka rafu ya vyombo ndani ya bakuli la pili, na tangu siku hiyo mna singo ya sentimita 37. Ingieni jiko lolote lenye dabo saa nane mchana mtaikuta rafu imo.

#19 Bi_Kitoweo
Kweli rafu inakaa humo, na maji yake yanachuruzika mahali pake bila kulowesha graniti. Sijaona hasara. Hasara ni dreina ya mita nzima inayokaa juu ya kaunta ya mtu aliyeshalipia graniti.

#20 Kokoto_Tatu
Mbona hamtaji la kati? Lipo lenye bakuli kubwa na dogo, mgawanyo wa asilimia sitini kwa arobaini. Kwenye 82 unapata kama 44 na 30. Sufuria ya 40 inalala, trei inainama kidogo, mchicha na samaki kwenye dogo. Na lipo la kigawanyo kifupi, kinachoishia nusu ya kina.

#21 Karo_la_Nje
La kigawanyo kifupi maji yakizidi nusu ni singo, ya povu na ya kusuuzia yanachanganyika. Na lile dogo la 30 likiwa na tundu la inchi moja na nusu kama ya zamani, chembe zitakusumbua. Yote mawili yawe na tundu la mm 90 na kikapu cha kunasa. Mengine ya kutoka China yana mm 114, kikapu chake ni kingine, kinunuliwe pamoja na sinki usije ukazunguka Kariakoo siku nzima.

#22 JiweLaMbili
Mnajua kwa nini mafundi kabati wanasukuma singo? Tundu moja la maji, hakuna tii, dakika arobaini wameondoka. Hakuna la kisasa hapo.

#23 BombaNchiMbili
Mimi nasema ni picha za majiko ya Ulaya zilizojaa kwenye simu. Kule mashine inaosha vyombo, sinki limebaki la sufuria na trei, bakuli la pili halina kazi. Tumechukua sinki, mashine tumeiacha dukani.

#24 DreinaKwanza
Au maduka yana mzigo mwingi wa singo. Muuzaji hasifii asichonacho.

#25 UpepoJuu
MjengoKibada, kabla hujamjibu mkata graniti: bomba la maji machafu limetoka ukutani kwa urefu gani kutoka sakafu iliyokamilika? Hakuna aliyekuuliza.

#26 MjengoKibada
Katikati ya bomba ni sentimita 52. Kaunta itakuwa 88 juu ya graniti. Vigae vya ukutani bado.

#27 UpepoJuu
Basi hesabu hii. 88 toa graniti 2, zimebaki 86. Bakuli la kina cha 20, chini yake ni 66. Kikapu kinashuka 9, umefika 57. Trapu ya singo inataka kama 5 hadi 7 tena kabla ya kuingia ukutani: 50 hadi 52. Inaingia kwa kubanana. Dabo unaongeza tii na mkono wake, 8 hadi 10 nyingine, unahitaji bomba la 42 hivi. Kwa 52 ulizonazo maji yatasimama ndani ya tii muda wote, na mafuta yataganda humo. Hapo ndipo fundi kabati wako "anapatia" bila kujua kwa nini.

#28 Bi_Kitoweo
Vigae bado, kwa nini asishushe bomba? Nyundo na patasi, sentimita 10.

#29 Mnyoosha_Bomba
Ashushe endapo bomba linashuka wima ndani ya ukuta hadi chini. Kama limelala kutokea hapo kwenda chemba kwa nje, akishusha mwanzo anaua mteremko. Mita tatu za bomba la mm 50 zinataka angalau sentimita 6. Apime na chemba kwanza. Njia nyingine ni dabo ya kina cha 16, au vikapu vya kutolea maji ubavuni vyenye bomba linalopita nyuma karibu na ukuta. Hivyo vinaokoa sentimita kadhaa na droo inapata nafasi. Vitafutwe vya plastiki ya PP (polipropilini). PVC nyembamba inalegea ukimwaga maji yaliyotoka kuchemka moja kwa moja. Na soda kali za kuzibua zisigusane na sufuria za alumini. Zinachemka na kutoa haidrojeni.

#30 BombaNchiMbili
Kina cha 16 kwa sufuria ya watu sita, matone mpaka dirishani. Singo ya 20 na beseni.

#31 Sponji_Kavu
Sitini kwa arobaini, kina 18, bomba lishushwe. Nimebadili dini.

#32 MwanaKisauni
Lolote utakalo, mfereji wake uwe wa shingo ndefu inayozunguka. Kwa dabo ya 82 katikati ya kila bakuli i mbali na kigawanyo kama sentimita 20, mdomo wa 15 hutafika. Na dirisha lafungukia ndani au nje? Likifungukia ndani litagonga shingo.

#33 MjengoKibada
Linafungukia ndani, na sijui kama fundi amelifikiria. Kesho nafungua chemba nipime mteremko. Mkata graniti nimemwambia asiguse jiwe mpaka sinki lenyewe liwe saiti. Anasema atakata kwa karatasi ya kipimo iliyo kwenye boksi.

#34 JiweLaMbili
Kataa karatasi. Alaze sinki lenyewe kifudifudi juu ya jiwe, achore kwa penseli, kisha aingie ndani ya mstari kwa upana wa mdomo. Karatasi za kwenye boksi mara nyingine ni za modeli jirani, kona zake zinatofautiana na zako.

#35 MjengoKibada
Sawa mkuu. Mama watoto amesoma mpaka #19 akaniambia nisiendelee kushuka.